Mkwe Kapogoa Mibuni ya Jirani

Habari ya Jumapili ile haikutoka redioni. Redio ya Abbasi ilikuwa inakoroma tu dirishani, betri zake zilianikwa juani asubuhi nzima na bado hazijapata nguvu ya kutamka neno. Habari ilitoka kinywani mwa Nurudini fundi cherehani, ambaye pale barazani kwa Abbasi, Mabamba senta, hakuna anayemwita Nurudini. Wanamwita Saa Mbili. Akisimama kukueleza jambo utadhani ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na ole wako umkatize.

"Tulieni, tulieni!" alisema, kikombe cha kahawa mkononi. "Jana Jumamosi, kijana Bazilio Nduwayezu, mchumba wa Esteri, amepogoa mibuni themanini na sita kwa ustadi ambao haujapata kuonekana tangu elinino iondoke na madaraja yetu. Mibuni minne ni ya baba mkwe wake. Themanini na miwili ni ya jirani. Mwisho wa habari."

Baraza likalipuka. Abbasi mwenyewe, mtu wa Ujiji asiyecheka ovyo, ilibidi aweke birika chini asije akaunguza wateja.

Mzee Tharsisi aliyasikia yote hayo akiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ametoka misa, koti la Jumapili mwilini. Mwenye akili zake angegeuza njia. Lakini nyumbani kulikuwa na mkewe, Immakulata, ambaye alimsimulia yote akaambulia lawama, na tangu jana jioni alikuwa haongei naye ila kwa kugonganisha sufuria, na binti yake Esteri, ambaye alikuwa hagonganishi chochote, ananyamaza tu, jambo lililokuwa baya zaidi. Tharsisi akaona bora kijiweni. Huko angalau wangemhurumia. Ndivyo alivyo: miaka sitini na ushee, na bado anadhani kijiweni kuna huruma.

"Mzee Bado huyoo!" akapiga kelele Zuleha muuza maandazi, kabla Tharsisi hajavuka hata mtaro.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Mwaka wa pili huu, kila Bazilio akija kuulizia posa yake, Tharsisi humjibu kwa neno hilo hilo moja, kisha humpa jembe.

"Sogeeni nikae," alisema Tharsisi kwa hasira. "Na wewe Saa Mbili, ukishindwa kushona suruali usishone maneno."

"Nimeongeza hata nukta, mzee? Niambie mibuni yako iliyopogolewa ni mingapi."

Tharsisi akakaa. Akapokea kahawa. Akapuliza.

"Minne," alisema.

"Yoo!" Zuleha akapiga paja.

Abdalah ndiye aliyenyoosha mkono kutaka utulivu. Huyu wanamwita Mahakama. Hajawahi kuwa hakimu, hata karani wa mahakama hajawahi kuwa, ila aliwahi kuwa shahidi katika kesi moja ya ng'ombe kule Kibondo, na tangu siku hiyo hakuna ugomvi wa Mabamba usiopita mikononi mwake.

"Tharsisi, sema kuanzia mwanzo. Usiruke."

"Mwanzo ni kwamba nilidamka nikaenda Kibondo kutafuta dawa ya ng'ombe. Kijana nikamwachia mkasi na msumeno mdogo. Nikamwambia, mwanangu, mvua hizi za mwaka huu zimeirefusha mibuni mpaka wavunaji wanadandia. Kata vilele. Toa maotea. Toa matawi makavu na yanayopandana. Mbuni mmoja uachie mashina matatu tu, jua lipenye mpaka chini. Anzia nyuma ya nyumba, shika mstari, usiinue kichwa mpaka umalize."

"Maagizo mazuri," alisema Mahakama. "Akashika mstari?"

"Akashika! Mbuni wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo mama Esteri akatoka kuanika maharage."

"Alaa," alisema Abbasi. "Mama mkwe."

"Mabukwe katoka, mkwe atafanyaje? Akageuza mgongo kama inavyotakiwa. Akasogea pembeni asimkwaze. Akaendelea kupogoa huko pembeni."

"Na huko pembeni," alisema Saa Mbili, "ndiko kwa Niyitegeka."

Jina hilo Tharsisi alilimeza pamoja na kahawa, na vyote viwili vilikuwa vichungu. Niyitegeka ni jirani yake, na ni mwaka wa tatu wanashtakiana kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu mpaka.

"Sasa mkeo alimwona anavuka?" aliuliza Zuleha.

"Alimwona."

"Akafanya nini?"

"Angefanya nini? Wewe ni mtu wa Kasulu mjini, hujui. Mama hamwiti mkwe wake kwa jina. Hamfuati. Hamsemeshi. Alitafuta mtu wa kumtuma, hakuna. Esteri yuko mashineni anasaga. Basi akakohoa."

"Akakohoa!" Saa Mbili alikuwa ameshaanza kulia machozi.

"Akakohoa kwa nguvu. Kijana kusikia kikohozi akadhani amemkaribia mno mama mkwe. Kwa heshima akasogea mibuni mitano mbele."

"Mbele kwa Niyitegeka."

"Mbele kwa Niyitegeka, ndiyo! Mama Esteri akachukua debe, akaligonga. Kijana akasogea kumi. Akaligonga tena. Akaongeza mwendo!"

"Maskini," alisema Zuleha. "Mama Esteri angekuwa na ngoma, mkwe angekuwa Burundi saa hizi."

Hapo hata Tharsisi nusura acheke. Alijizuia kwa kuwa alikumbuka mibuni yake yenyewe, mia na zaidi, imesimama kama kichaka cha fisi, na vuli hiyo inanukia mlimani. Mvua ikianza kabla hujapogoa, kinachoota ni majani matupu, na mwakani utavuna majani. Mkono wake wa kulia ulikuwa haunyanyuki juu ya bega tangu mwaka juzi. Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa Dar es Salaam, wa pili kwenye machimbo, na wote wawili waliandika barua za kuomba, si za kuuliza hali. Aliyebaki ni Bazilio.

"Mimi nina swali la kisheria," alisema Mahakama. "Kijana ameinamisha kichwa, sawa. Lakini pale katikati kulikuwa na ua wa minyaa. Mstari mzima wa minyaa, tangu enzi za baba zenu. Mtu hata akiwa ameinama, minyaa itamgusa. Imekwenda wapi?"

Tharsisi akatazama kikombe chake.

"Ilikauka."

"Minyaa!" alipiga kelele Saa Mbili. "Minyaa ikauke? Mnyaa ukiukata ukautupa barabarani unaota! Ukiuchoma unaota!"

"Elinino..."

"Elinino yenyewe ilikuwa maji, mzee! Yamekaushaje?"

"Sema kweli hapa mbele za watu," alisema Mahakama. "Uliing'oa. Mmoja mmoja, kila msimu, ili mpaka utembee. Umeng'oa mpaka, mkwe wako kakosa mpaka. Hukumu ya kwanza: umejipiga ngwala mwenyewe."

Tharsisi alijua vizuri usiku na siku aliyong'oa kila mmoja. Ilimuuma kwamba na wao walikuwa wanajua, na muda wote huo walimnyamazia wakingoja siku kama hii.

"Tuseme niling'oa," alisema. "Tuseme tu! Niyitegeka hana macho? Mtu anaingia kwako na mkasi, anapogoa asubuhi mpaka alasiri, wewe huulizi?"

"Nimemuuliza hilo," alisema Saa Mbili, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha fika kwa pande zote kukusanya habari. "Kaniambia, 'Mtu akija kuninyolea mibuni yangu bila kuitwa, nimfukuze nina wazimu?' Kajivutia kigoda kivulini, katazama. Anasema hajapata kuona mkono kama ule. Kila mbuni ukisimama upande huu unamwona mtu aliye upande wa pili. Alasiri kamchinjia jogoo."

"Jogoo!" Tharsisi aliinuka nusu.

"Jogoo mwekundu, na ugali wa muhogo, na maziwa ya mgando. Kijana kala mpaka kafungua kishikizo."

Zuleha akaacha kupanga maandazi yake. "Na kwako, mzee, kala nini miaka miwili?"

"Kwangu ni ukweni! Mkwe hali ukweni. Hiyo ni heshima."

"Heshima gani hiyo inayoshibisha mmoja?"

"Zuleha, wewe uza maandazi."

"Nauza, na yeye ndiye anayenunua, kwa kuwa kila akitoka kwako anapita hapa njaa inamtoa macho! Kibarua wa kambi ya wakimbizi ukimlimisha unampa hata gunzi. Huyu unamlimisha, humpi gunzi, kisa unamwita mwanangu. Ndiyo maana hutaki aoe. Akishaoa atalima kwake."

Hilo liliingia. Tharsisi alihisi masikio yanawaka moto. Angependa kumjibu kwamba si hivyo, na kwamba ni hivyo lakini si hivyo tu. Kwamba kijana yule akiingia uani anaimba, na mbuzi wanamfuata. Kwamba siku Esteri akitoka, jioni watabaki yeye na Immakulata wanatazamana na moto. Lakini hayo hayasemwi kijiweni, mbele ya Saa Mbili, ambaye angeyatangaza mpaka Kakonko.

Akasema lile alilozoea kusema.

"Mimi sina ubaya na kijana. Ila binti hatolewi kwa mtu asiye na wazee. Nani anamsemea? Kila akija anakuja peke yake. Nizungumze mahari na mvulana? Alete mzee, tutazungumza. Asipoleta, bado."

Mahakama akaweka kikombe chini taratibu.

"Tharsisi. Baba yake Bazilio tulimzika sisi."

"Najua."

"Wewe mwenyewe ulitupa udongo. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na huyu kijana mgongoni kwa mamake. Walivuka watu watatu, wawili tumewazika hapa hapa Mabamba. Wajomba zake hakuna anayejua kama wako hai. Sasa unamwambia alete mzee. Amtoe wapi? Kaburini?"

Hakuna aliyecheka. Abbasi alijitia kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Tharsisi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu azidishe ukali.

"Mimi sikutunga desturi! Tena nasema hivi: Niyitegeka anirudishie kazi yangu! Nguvu za mkwe wangu zimekwenda kwake bure!"

"Akurudishie vipi, mzee?" aliuliza Saa Mbili. "Agundishe matawi kijana aje akate tena?"

"Atajua mwenyewe! Na nikimwona leo, nawaapia, nita..."

"Utamfanya nini? Maana huyo anakuja."

Kweli. Niyitegeka alikuwa anapanda kutoka upande wa kanisa, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi, amevaa lile koti ambalo watu wamezoea kuliona kwenye misiba mikubwa tu. Nyuma yake, mbali kidogo, Bazilio alisimama kando ya barabara, uso chini, mikono nyuma.

"Kasheshe," alinong'ona Zuleha kwa furaha, akasogeza beseni lake la maandazi mahali salama.

Tharsisi alikaza kiuno. Alikuwa na maneno tayari, ya miaka mitatu, makali yote. Lakini Niyitegeka hakuja na sura ya ugomvi. Alivua kofia. Alisimama hatua tatu kutoka benchi, akasalimia watu wote, kisha akamgeukia Tharsisi na kuinama kidogo, kama anavyoinama mtu aliyefika kwenye ua wa watu kuleta neno.

"Mzee mwenzangu, sikuja kwa ajili ya mpaka."

"Umekuja kwa ajili ya nini?"

"Jana kijana amenifanyia kazi. Alipogundua yuko kwangu alitaka kulia, nikamwambia tulia, ule kwanza. Jioni nikamuuliza, nikupe nini? Nikamtajia mbuzi, akakataa. Nikamtajia debe la maharage, akakataa. Nikamwambia, basi taja mwenyewe. Unajua alitaja nini?"

Wote wakainama mbele wasikose neno. Hata redio ilikuwa imenyamaza.

"Alisema, 'Baba, mimi natafuta mzee wa kunisemea.' Nikamwambia, hilo tu? Basi leo nimekuja. Mimi ndiye mzee wake. Huyu ni mwanangu, nimeona Esteri anatufaa, na mbele ya watu hawa naleta neno."

Saa Mbili alishika kichwa kwa mikono miwili. Habari kubwa kuliko zote katika maisha yake ilikuwa inatokea mbele yake, na wote walikuwa wanaiona. Hakubakiwa na mtu wa kumtangazia.

"Wewe!" Tharsisi alimnyooshea kidole. "Mimi na wewe tuna kesi!"

"Kesi ile walikuwa nayo majirani. Leo nimesimama hapa kama bamwana wako."

Neno hilo, bamwana, mtu humwita mzazi mwenzake ambaye watoto wao wameoana, na kwa Waha halichezewi. Bamwana humtukani. Humshtaki. Akija, unainuka. Tharsisi alitazama kulia, akaona Mahakama anatikisa kichwa kwa kukubali, sheria imekamilika. Akatazama kushoto, akaona Zuleha ameziba mdomo kwa kanga. Akatafuta sababu. Alitaka mzee, mzee ndiye huyu. Hakutaka mvulana wa peke yake, si wa peke yake tena. Akapekua kichwa chote akaikuta ile ya mwisho.

"Sawa," alisema. "Sawa. Umekuja. Lakini mahari bado hatujazungumza. Na mimi mahari yangu si ndogo. Mambo haya huchukua muda. Mwaka huu hauwezekani. Mwakani, labda baada ya mavuno..."

"Ego, ndiyo, mahari tuizungumze," alisema Niyitegeka kwa upole. "Mwanangu ameniambia amekufanyia kazi miaka miwili. Mimi sikuwepo, sijui ni kazi gani. Labda hawa waliokuwepo watusaidie kukumbuka, ili tuone kilichobaki."

"Si lazima..." alianza Tharsisi.

"Kaezeka nyumba kubwa," alisema Mahakama, akikunja kidole.

"Kaezeka na zizi," alisema Abbasi.

"Ngojeni kidogo," alisema Tharsisi. "Sikusema mwakani mwishoni. Hata mwakani mwanzoni inawezekana. Januari."

"Kachimba kisima," alisema Saa Mbili, aliyerudiwa na sauti yake. "Mita kumi na mbili. Chini alikuta jiwe, akalivunja kwa moto na maji."

"Desemba basi! Baada ya Noeli!"

"Kabeba mgonjwa," alisema Zuleha. "Mama Esteri aliposhikwa na malaria, nani alimweka kwenye baiskeli mpaka zahanati, amegeuza uso njia nzima asimtazame, akaanguka naye mtaroni mara mbili?"

"Novemba!" Jasho lilikuwa limempata Tharsisi ndani ya koti. "Nimesema Novemba, Zuleha, inatosha!"

"Kafyatua matofali elfu tatu."

"Oktoba mwishoni!"

"Kalinda mahindi na nyani, misimu miwili, kalala kibandani kwenye mvua ya elinino."

"Siwezi kushuka zaidi ya hapo!" Tharsisi aliinuka kabisa, mikono juu, mmoja ukiishia begani. "Padre anataka matangazo Jumapili tatu! Tatu! Jumapili ya nne kutoka leo, tumemaliza, naomba mnyamaze!"

Akiwa amesimama hivyo akagundua kwamba amesimama. Nafasi yake benchini ilikuwa tupu, na Niyitegeka alikuwa bado wima, kofia mkononi, akingoja kama inavyompasa mgeni wa heshima. Watu wote walimtazama Tharsisi. Akapangusa benchi kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepangusa kaburi la fahari yake.

"Karibu ukae, bamwana," alisema.

Niyitegeka akakaa. Kule barabarani Bazilio, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja kwa sababu ya umbali, aliona tu baba mkwe wake ameinuka na adui yake ameketi, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, tayari kukimbia.

"Mwiteni!" alifoka Tharsisi. "Mwiteni huyo kijana kabla hajavuka mpaka mwingine! Zuleha, mpe andazi!"

"Moja?" aliuliza Zuleha.

Tharsisi akatazama vidole vya Mahakama, ambavyo vilikuwa bado vimekunjwa.

"Mpe beseni," alisema.